Bauhaus: uvumi saba kuhusu shule ya usanifu ya Ujerumani, na yaliyotokea kweli

Siku hizi meza yoyote nyeupe yenye miguu ya chuma huuzwa kama "Bauhaus", na nyumba yoyote yenye paa bapa hupewa jina hilohilo. Jina hilo ni la shule. Ilidumu miaka 14 tu, 1919 hadi 1933, ikapita miji mitatu, Weimar, Dessau na Berlin, ikaongozwa na wakuu watatu waliopishana sana kimawazo, na wanafunzi wake wote kwa jumla hawakufika 1,300. Makosa mengi yanayorudiwa juu yake yanatokana na kusahau kwamba ilikuwa shule, yenye mihula, karakana, bajeti na wanasiasa wanaoshika mfuko.

Uvumi: Bauhaus ilifundisha usanifu majengo tangu siku ya kwanza

Walter Gropius, mkuu wa kwanza, alikuwa msanifu majengo, na tamko lake la Aprili 1919 liliweka jengo kuwa lengo la sanaa zote. Hata hivyo, idara ya usanifu majengo ilifunguliwa Aprili 1927, miaka minane baadaye, chini ya Mswisi Hannes Meyer.

Miaka hiyo minane wanafunzi walikuwa wakipita njia nyingine. Kila aliyeingia alianza na kozi ya awali ya miezi sita, aliyoiasisi Johannes Itten. Hapo mtu alishika mbao, kioo, waya, kitambaa na karatasi ili ajue kila kimoja kinaweza nini na kinashindwa wapi. Itten alipoondoka 1923, kozi ilichukuliwa na László Moholy-Nagy na Josef Albers. Zoezi la Albers linalokumbukwa zaidi lilikuwa la karatasi tupu: ikunje na uikate upate umbo linalosimama lenyewe, bila gundi na bila kutupa vipande. Karatasi iliyolala haibebi kitu, lakini ukiipa mikunjo inapata ugumu. Somo hilo la muundo lilifundishwa bila hesabu hata moja.

Aliyefaulu aliingia karakana kama mwanagenzi: ufumaji, useremala, metali, uchoraji wa kuta, ufinyanzi na nyinginezo. Kila karakana ilikuwa na viongozi wawili, msanii aliyesimamia umbo na fundi aliyesimamia kazi ya mikono, kwa sababu hakukuwa na watu waliobeba ujuzi wa aina zote mbili. Paul Klee na Wassily Kandinsky walikuwa wachoraji wakubwa, lakini hawakuwa watu wa mashine. Kasoro ya mpango huu ilionekana mapema: mafundi hawakuwa na kura katika baraza la walimu, kwa hiyo aliyejua nyenzo hakuamua. Dawa ilipatikana Dessau, pale wahitimu wa shule yenyewe, kama Marcel Breuer, Gunta Stölzl na Herbert Bayer, walipokabidhiwa ualimu wakiwa na ujuzi wote pamoja.

Mwenye kiu ya kujenga hasa alipata nafasi katika ofisi binafsi ya Gropius. Hata nyumba ya mfano ya mwaka 1923 kule Weimar, Haus am Horn, ilibuniwa na mchoraji, Georg Muche, huku ofisi hiyo ikisaidia upande wa kiufundi. Ni mraba wa mita 12.7 kila upande. Sebule ya mita 6 kwa 6 iko katikati, imepandishwa juu ya vyumba vinavyoizunguka ili ipate mwanga kwa madirisha ya juu.

Uvumi: majengo yake yalikuwa na ufanisi usio na dosari

Jengo la Dessau lilizinduliwa tarehe 4 Desemba 1926. Upande wa karakana ni ukuta wa kioo wa ghorofa tatu. Nguzo za zege zimerudishwa ndani, sakafu zinachomoza mbele yake, na kioo kinaning'inia nje, kwa hiyo hata pembe ya jengo haina nguzo. Lakini kioo kilikuwa cha tabaka moja ndani ya fremu za chuma. Kiangazi joto liliingia halikutoka, na majira ya baridi moto wa kupasha jengo ulipotelea nje kupitia chuma na kioo. Ukuta huo uliharibiwa na mabomu ya vita mwaka 1945. Unaoonekana leo ulirudishwa 1976, na fremu zake ni za alumini, jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui.

Mtaa wa Törten, nyumba 314 zilizojengwa 1926 hadi 1928 katika mji huohuo, ulikuwa jaribio la kujenga kama kiwandani. Matofali ya zege yenye uwazi yalifyatuliwa papo hapo, na winchi zikapandisha boriti. Kasi ilipatikana, ila wakazi walilalamikia nyufa, baridi, na madirisha yaliyowekwa juu mno katika baadhi ya nyumba. Wengi wakaziba fremu za chuma na kuweka madirisha yao wenyewe.

Karibu na hapo Meyer na wanafunzi wa idara yake walikamilisha mwaka 1930 majengo matano ya matofali yenye makazi 90, kila moja chini ya mita za mraba 50, yakifikiwa kwa roshani ndefu ya upande wa kaskazini. Hayapigwi picha sana, ila kwa mtu wa kipato kidogo hiyo ndiyo kazi ya shule iliyofikiriwa vizuri kuliko zote.

Uvumi: kila kitu kilikuwa cheupe

Sababu kubwa ya dhana hii ni picha za rangi nyeusi na nyeupe, hasa zile bora za Lucia Moholy. Ndani ya jengo la Dessau, Hinnerk Scheper alipanga rangi ili mtu ajue yuko sehemu gani ya jengo. Nyumba za walimu zilizidi: sebule ya Kandinsky ilipakwa waridi hafifu, na kijisehemu cha ukuta kilichoingia ndani kikafunikwa karatasi za dhahabu.

Uvumi: kiti cha mabomba ya chuma kilitengenezwa kwa ajili ya Kandinsky, karakanani

Breuer alikibuni 1925 kama kazi yake binafsi, akakiuza kupitia kampuni aliyoshiriki kuianzisha nje ya shule. Jina "Wassily" lilibandikwa na mtengenezaji wa Kiitaliano miaka ya 1960.

Uvumi: wanawake na wanaume walikuwa sawa shuleni

Mlango ulifunguliwa kweli. Muhula wa kwanza wa 1919 uliandikisha wanawake 84 na wanaume 79. Wingi huo ulimshtua Gropius, na kufikia 1920 uandikishaji wa wanawake ulibanwa, na walioingia wakaelekezwa kwenye ufumaji. Haya hayakuandikwa kwenye tamko.

Ajabu ni kwamba karakana hiyo waliyosukumiwa ikawa miongoni mwa zilizoingizia shule fedha. Stölzl ndiye aliyeiongoza hadi 1931. Anni Albers alihitimu kwa kitambaa cha ukuta kilichobuniwa kwa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi kule Bernau: uso mmoja, wenye selofani, ulirudisha mwanga, na wa pili ulinyonya sauti. Hicho ni kifaa cha ujenzi, wala si pambo. Marianne Brandt alipenya karakana ya metali, ambako mwanzoni alipewa kazi za kuchosha, na baadaye akaiongoza kwa muda. Ni haki yao watajwe kwa kazi zao, maana majina yao yalipotea kwenye vitabu kwa miongo mingi.

Uvumi: Wanazi waliifunga kwa pigo moja, na watu wake wote walikuwa wapinzani wao

Ilifungwa kwa awamu. Baada ya uchaguzi wa Thuringia, jimbo la Weimar, mwaka 1924, serikali mpya ya mrengo wa kulia ilikata bajeti kwa nusu, na shule ikahamia Dessau 1925. Mwaka 1930 meya wa Dessau alimfukuza Meyer, aliyekuwa mkuu wa pili baada ya Gropius, kwa sababu za kisiasa, akaja mkuu wa tatu, Ludwig Mies van der Rohe. Mwaka 1932 baraza la mji, likiongozwa na Wanazi, lilipiga kura ya kuifunga. Mies akaifungua upya kama shule binafsi katika kiwanda kilichoachwa Berlin-Steglitz. Polisi waliivamia na kuitia lakiri tarehe 11 Aprili 1933. Julai, baada ya mazungumzo na masharti ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ya kuwaondoa walimu Kandinsky na Ludwig Hilberseimer, walimu wenyewe waliamua kuivunja. Fedha nazo zilikuwa zimekwisha.

Wahitimu hawakushika njia moja. Franz Ehrlich, mfungwa wa kambi ya Buchenwald karibu na Weimar, alilazimishwa kubuni maandishi ya lango la kambi. Fritz Ertl, aliyesoma Dessau, alishiriki kuchora mipango ya kambi ya Auschwitz-Birkenau. Anayesimulia habari za shule hii akaruka jina la Ertl hajaisimulia.

Uvumi: chuo kikuu cha Weimar cha leo ni Bauhaus ileile iliyoendelea

Kinatumia majengo yaleyale ya Henry van de Velde, yaliyojengwa 1904 hadi 1911, lakini mnyororo ulikatika. Bauhaus ilipohama, mahali pake pakaingia shule nyingine chini ya Otto Bartning, nayo ilifundisha usanifu majengo moja kwa moja. Mwaka 1930 akaja Paul Schultze-Naumburg, adui wa usasa, na michoro ya ukutani ya Oskar Schlemmer ikafutwa. Baada ya vita shule ilifunguliwa tena 1946, ikawa chuo cha usanifu na ujenzi cha Ujerumani Mashariki, na jina Bauhaus-Universität likaja 1996.

Afrika nayo ina mkanganyiko wake. Msanifu majengo Mjerumani Ernst May, aliyehamia Tanganyika 1934 na kuendesha shamba karibu na Arusha kabla ya kufungua ofisi Nairobi, huitwa mara nyingi "mtu wa Bauhaus". Hakusoma wala kufundisha huko. Sifa yake ilitoka kwenye makazi ya Frankfurt, na Makumbusho ya Uganda pale Kampala ni kazi yake. Anayetaka kuona mkono wa mhitimu halisi barani aende Ile-Ife, Nigeria. Arieh Sharon, aliyesoma Dessau chini ya Meyer, aliongoza usanifu wa chuo kikuu cha pale kuanzia miaka ya 1960. Katika majengo ya kitivo cha sanaa kila ghorofa inachomoza kupita ile ya chini yake, hivyo jengo linajitia kivuli lenyewe dhidi ya jua na mvua, na ghorofa ya chini imeachwa wazi upepo upite.