“CA-125 safi, dokta”

Nimeletewa bahasha tena. Bibi wa Makunduchi, hedhi imemkoma zamani, na sasa mwezi wa tatu damu inamtoka matone matone. Mwanawe ananiwekea karatasi mezani: CA-125, protini ya damu ambayo baadhi ya saratani huipandisha, ni 18, mwisho wa kawaida 35, basi mama mzima.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii. CA-125 si kipimo cha kutafutia saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Wanawake wengi ambao saratani yao bado imo ndani ya mfuko huwa chini ya 35, na hao hasa ndio tunaowaponya kwa upasuaji. Ukingoja ipande, pengine unangoja ugonjwa utoke nje. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, huchunguzwa kwa ultrasaundi, na ukuta ukizidi milimita 4 tunachukua kinyama kikasomwe kwa darubini. Damu ikiendelea kurudi, nachukua hata kama ukuta ni mwembamba. Pesa za maabara zile zingelipia kinyama!

Kazi ya CA-125 huja saratani ikishathibitishwa. Ikiwa juu kabla ya upasuaji, tunashuku tezi za limfu au tumbo vimeshaguswa, tunajipanga hivyo. Iliyokuwa juu ikashuka baada ya matibabu, kisha ikaanza kupanda, inatuambia tutafute.

Kinyume chake nako, “imepanda, basi hukumu imetoka,” si kweli. Fibroidi, endometriosis (tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko kuota nje yake), ugonjwa wa ini, kifua kikuu cha tumbo, hata hedhi yenyewe huipandisha. HE4, protini nyingine ya damu inayopimwa kwa saratani hizi, nayo hupanda figo zikichoka.

Vijana wa simu siku hizi wanagawanya neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, wapate uwiano wa kutabiri saratani itakavyokwenda. Ni kweli uwiano mkubwa kabla ya upasuaji umeonekana kwa wagonjwa ambao ugonjwa huwaendea vibaya zaidi, lakini kikomo kinachokubalika na wote hakuna, na jipu la jino tu linauvuruga. Yatakayomkuta mgonjwa nayasoma zaidi kwenye uvimbe wenyewe: umezama kiasi gani kwenye msuli, seli za aina gani, na yale makundi manne ya vinasaba yaliyoelezwa mwaka 2013, ambayo FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, iliyaingiza katika hatua za ugonjwa mwaka 2023.

Na papu smia ni ya mlango wa kizazi. Ikiwa safi, haisemi lolote la kutegemea kuhusu ukuta wa ndani.

Kinyama cha bibi nimechukua Jumatano. Mwanawe ameniuliza kama wakati tunangoja majibu wairudie CA-125.