Pensheni ya Marekani haitakauka mwaka 2033

Kila mjadala wa bajeti ya Marekani unapopamba moto, husikika kauli hii: hifadhi ya jamii, yaani mpango wa taifa wa pensheni, inafilisika, vijana wa leo wanachangia bure na hawatapata hata senti. Kauli hiyo inatia watu hofu isiyo na msingi.

Mpango huo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, haumwekei mtu fedha zake kwenye akaunti ya peke yake. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara, mwajiri naye huchangia kiasi hichohicho, na sehemu kubwa ya makato hayo huwalipa wastaafu waliopo sasa. Miaka mingi makusanyo yalizidi malipo, na ziada ikawekwa kwenye hatifungani za serikali, yaani serikali ikakopeshwa fedha hizo. Akiba hiyo ndiyo inayopungua, kwa sababu wazee wameongezeka kwa kasi kuliko wachangiaji.

Ripoti ya mwaka 2025 ya wadhamini, yaani wasimamizi wa mpango huo, ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa wastaafu itaisha 2033. Lakini makato ya mishahara yataendelea kuingia, nayo yatatosha kulipa takriban asilimia 77 ya mafao. Pengo la asilimia 23 ni pigo zito kwa mjane anayeitegemea pensheni hiyo pekee, na ndiyo maana linastahili kujadiliwa kwa ukweli.

Bunge lilishakabili hali kama hii mwaka 1983: liliharakisha ongezeko la makato na kupandisha polepole umri wa kustaafu, kutoka miaka 65 hadi 67.