Programu ya kuku wa nyama: akili unde inaandika, lakini nani atalipa?

Maswali ninayoletewa siku hizi yanafanana. Kijana amekaa na Cursor au Claude Code, zana za akili unde zinazoandika msimbo, baada ya siku chache programu imesimama na inapendeza kweli, kisha anauliza mbona haiingizi hata shilingi. Mimi naandika programu za simu kwa riziki na zana hizi nazitumia kila siku, kwa hiyo sina nia ya kuzibeza. Ila sehemu aliyoimaliza ndiyo iliyokuwa nyepesi. Msimbo umeshuka bei kwake na kwa jirani yake pia. Ambacho hakijashuka bei ni kumjua anayelipa, kujua pesa huwa mkononi mwake lini, na kuhakikisha akilipa imefika.

Tuchukue mteja mmoja, mfugaji wa kuku wa nyama hapa Kenya. Anaingiza vifaranga, anawalisha wiki 5 au 6, anauza, anasafisha banda, anaanza upya. Chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama zake. Wengi huandika kwenye daftari nyuma ya mlango, wengine hawaandiki kabisa, na siku ya kuuza hawajui kama wamepata faida au wamezungusha pesa tu. Huyu mtu ana swali moja ambalo yuko tayari kulilipia: kundi hili limeniachia shilingi ngapi? Ukiiambia zana ikutengenezee “programu ya ufugaji”, itakupa skrini kibao, grafu za rangi, ukurasa wa gumzo na hali ya hewa. Mimi naanza na skrini tatu: vifaranga walioingia, gharama na vifo vya leo, mauzo. Mengine yote yasubiri mfugaji ayadai.

Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, naandika faili fupi la masharti ambalo zana inalisoma kila inapoanza kazi. Kumbukumbu zikae kwenye simu kwanza, ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye simu yenyewe, zipande kwenye seva intaneti ikipatikana. Tarakimu ziwe kubwa, kwa sababu anayezibonyeza ana pumba mkononi. Usipoyasema haya, zana hudhani kila mtu ana WiFi na simu mpya. Ijaribu kwenye Tecno au itel ya bei ya chini, si kwenye simu yako peke yake. Hili lina uzito hata kwenye soko: Google Play hupima programu inavyoanguka, yaani kujifunga ghafla, mikononi mwa watumiaji, na ikivuka asilimia 1.09 ya watumiaji kwa siku, au asilimia 8 kwenye aina moja tu ya simu, inaweza kupunguza inavyoonekana kwenye utafutaji. Na ratiba ya chanjo ya magonjwa ya kuku kama Newcastle na Gumboro usiichukue kwa akili unde, hata ikikupa kwa kujiamini namna gani. Ichukue kwa daktari wa mifugo na kwa kampuni iliyoangua vifaranga. Kosa hapo linaua kuku wa watu.

Sasa pesa. Huduma ya kidijitali ikiuzwa ndani ya programu iliyotoka Play, sera ya Google kwa kawaida inataka upitie mfumo wao wa malipo, na tangu 2021 wamekuwa wakikata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza kwa mwaka. Kuweka M-Pesa yako ndani ya programu kunaruhusiwa ukiuza vitu vya kushikika, kwa mfano gunia la chakula. Njia iliyo halali, na ninayoipendelea kwa mteja wa namna hii, ni mfugaji kulipia kwenye tovuti yako, kisha kuingia kwenye programu kwa namba yake ya simu. Ndani ya programu hakuna bei wala kiungo cha kwenda kulipa. Sera hizi hubadilika, basi zisome mwenyewe kabla hujaanza kujenga.

Kwenye tovuti hiyo utatumia Daraja ya Safaricom, mfumo unaounganisha seva yako na M-Pesa, kwa ile STK Push inayomtokea mteja kwenye simu akaweka PIN. Na hapa ndipo ninapomfungulia mtu msimbo wake na kumwonyesha kwa kidole. Seva yako ikituma ombi, Daraja hujibu papo hapo, na ndani ya jibu kuna ResponseCode yenye 0. Zana nyingi zikiona 0 huandika “amelipa” na kumfungulia mteja huduma. Lakini 0 hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Mteja hajagusa hata PIN. Malipo yenyewe hutangazwa na ujumbe wa pili unaokuja baadaye kwenye anwani uliyoitaja ndani ya ombi, nao una ResultCode: 0 ikiwa pesa imeingia, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amekataa, 1037 simu haikupatikana. Ukiifuata ile 0 ya kwanza, unagawa huduma bure, na mfugaji wa kwanza kuligundua atawaambia kundi zima la WhatsApp.

Si hilo tu. Ujumbe wa pili unaweza kufika mara mbili, basi hifadhi CheckoutRequestID, namba ya utambulisho ya kila ombi, na usimfungulie mtu huduma mara mbili kwa malipo yale yale. Unaweza pia usifike, basi seva iwe inauliza yenyewe hali ya malipo baada ya muda. Na yeyote anayeijua anwani yako anaweza kukutumia ujumbe wa uongo, kwa hiyo thibitisha na Daraja kabla ya kufungua chochote. Mwisho, tafuta kama zana imeweka funguo zako za siri ndani ya programu ya simu, maana faili la APK, lile linalosakinishwa kwenye simu, hufunguliwa na kusomwa na mtu yeyote mwenye subira kidogo. Mtafiti wa akili unde Andrej Karpathy alipoandika Februari 2025 kuhusu mtindo wa kuiachia mashine msimbo wote bila kuusoma, alisema si mbaya sana kwa vijimradi vya wikendi. Sehemu hiyo ya maneno yake imesahaulika haraka sana.

Bei nayo zana itakupangia kwa mazoea ya huko kwao: siku 7 za bure, kisha malipo ya kila mwezi. Kifaranga wa siku 7 hajamwonyesha mtu faida yoyote! Mfugaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana pesa siku ya kuuza. Toza kwa kundi. La kwanza liwe bure mpaka auze na aone hesabu yake, la pili alipie, tuseme shilingi 300. Baada ya lile la bure, banda likizunguka mara 6 kwa mwaka, huyo ni mtu wa 1,800, na wafugaji 500 ni shilingi 900,000 kabla ya gharama. Si utajiri, lakini ni kazi ya mtu mmoja.

Kuingia Play ni dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa mteja huyu naiacha. Kwenye Play, akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Kuna wanaouza wajaribu mtandaoni. Usiwape pesa yako. Tafuta wafugaji 12 walioingiza vifaranga wiki hiyo, uwe umepata wateja na walimu kwa mpigo mmoja. Jina lina herufi 30 na maelezo mafupi 80, basi yajaze maneno ambayo mfugaji mwenyewe angeyaandika, kama “hesabu ya kuku wa nyama”, si jina la fahari ulilolibuni usiku.

Matangazo ya kulipia nayaweka kando mwanzoni. Mfugaji huenda agrovet kununua chakula karibu kila wiki, na mwenye duka ndiye anayemwamini. Kila duka lipe kiungo chake. Play hupitisha taarifa ya kiungo kilichomleta mtu, kwa hiyo utajua duka gani limeleta nani, na kila kundi likilipiwa mwenye duka apate shilingi 50. Mwanguaji akikubali, weka kibandiko kwenye boksi la vifaranga 100. Nyota na maoni yaombe mfugaji akishafunga hesabu ya kundi lenye faida, wala si anapofungua programu kwa mara ya kwanza.

Namba ya waliopakua naiangalia mara chache. Naitazama hii: kati ya waliomaliza kundi la bure, wangapi wamelipia la pili. Wakiwa hawafiki nusu, siongezi skrini wala sinunui tangazo. Nachukua simu, nawapigia wale ambao hawakurudi, mmoja mmoja.