Gari linavuma? Usikimbilie tairi, pima beringi kwanza

Wateja wengi hufika gereji wakiwa wameshanunua tairi mpya na gari bado linavuma. Hela imekwenda, sauti imebaki. Mara nyingi kinachovuma ni beringi ya gurudumu, na kinachoniuma ni kwamba dalili zake zilikuwepo tangu mapema.

Beringi hukaa ndani ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ndiyo inayobeba uzito wa gari huku gurudumu likizunguka. Ndani yake kuna golori au rola zinazokimbia kati ya ringi mbili, zikiwa na grisi, na sili pembeni za kuzuia maji na vumbi. Sili ikichoka, maji yakaingia, grisi inageuka uji wa rangi ya kutu na njia ya golori inaanza kubanduka. Ndiyo maana hapa Dar es Salaam, baada ya masika, gari zilizopita kwenye maji ya mafuriko ya bonde la Jangwani huanza kuja moja moja. Mashimo na spesa za kutanua magurudumu nazo zinaua beringi kabla ya wakati wake.

Jaribio la kwanza ni barabarani. Zima redio, funga vioo, tafuta barabara tulivu uende kama kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Mvumo wa beringi hufuata mwendo wa gari, haufuati injini: ukiinua mguu kwenye mafuta, mlio wa injini unashuka lakini mvumo unaendelea mpaka gari lenyewe lipunguze mwendo. Tairi lililolika vibaya nalo linavuma, ila sauti yake hubadilika ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto. Ya beringi haibadiliki sana. Pitisha pia kiganja juu ya kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Ukisikia mabonde na vilima, basi tairi nalo lina kesi ya kujibu.

Kisha kwenye kona ndefu, sikiliza tena. Ukikata kushoto, uzito wa gari hulalia kulia. Mvumo ukizidi hapo, anza kukagua kulia. Ukizidi unapokata kulia, anza na kushoto. Kama unasikia ka-ka-ka pale tu unapokata usukani hadi mwisho, hiyo kwa kawaida ni sivijointi (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu), siyo beringi.

Sasa gereji. Gari liinuliwe kwa jeki, liwekwe juu ya stendi, magurudumu mengine yazuiwe. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo yenye tatizo. Ukibaki, angalia boljointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mikono ya chini ya gari. Mchezo wa kushoto na kulia peke yake mara nyingi unatoka kwenye tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanatikisa, gurudumu halichezi, wanasema beringi nzima. Si kweli. Beringi inaweza kuwa imeshaharibika na gurudumu lisicheze hata kidogo. Weka vidole kwenye springi ya shokabzoba, halafu zungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Beringi nzima hupita kimya. Iliyobanduka utaisikia vidoleni ikikwaruza, hata kama sikio halijasikia kitu. Linganisha na upande wa pili ndipo useme.

Ukiona gurudumu limeshaanza kucheza, habu ina joto kuliko upande wa pili (hakikisha breki haijagandamia), au pedali ya breki inazama zaidi kuliko zamani, usiendelee na safari. Beringi iliyofika hapo inaweza kukatika na gurudumu likatoka. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) nayo huweza kuwaka, kwa sababu gari nyingi za sasa zina sumaku ya sensa inayosoma mwendo wa gurudumu kwenye sili ya beringi yenyewe.

Sumaku hiyo ndiyo inayowasumbua wanaofunga bila kuangalia. Beringi ikiingizwa kinyume, sensa haisomi kitu na taa inawaka siku hiyohiyo. Nyundo nayo ikae mbali. Beringi inayoingia kwenye naki (chuma kinachobeba habu) isukumwe kwa presi, kwa kukandamiza ringi ya nje. Habu inapoingizwa, ringi ya ndani iegemezwe. Ukisukuma upande usio sahihi, nguvu yote inapita kwenye golori, na beringi mpya inatoka gereji ikiwa na vidonda.

Halafu nati ya ekseli: ikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha gari hilo, msaidizi akiwa amekanyaga breki na gurudumu likiwa bado hewani. Gari likishushwa likabeba uzito kabla ya hapo, beringi inaweza kuumia palepale, hata kabla ya kutoka getini.