Kipimo cha damu cha priekilampsia hakisemi kwamba mama ni mgonjwa

Hapa Bukavu wengi tuna dada au shemeji Ubelgiji, na akiwa mjamzito majibu yake ya labo hutufikia kwa simu. Uwiano wa protini mbili za damu ukiwa juu kidogo, jioni hiyo hiyo familia nzima inaambiana: "Damu imeonyesha kifafa cha mimba." Damu haijaonyesha hivyo.

Priekilampsia ni tansiyo (shinikizo la damu) inayofika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini, ubongo au kiungo kingine kimeathirika. Kifafa ni degedege linaloweza kufuata. Alama za damu ni kitu kingine: ni protini mbili ambazo kondo la nyuma hutengeneza kwa wingi. PlGF husaidia mishipa ya damu kukua. sFlt-1 huikamata PlGF isifanye kazi. Kondo likipata shida, sFlt-1 hupanda na PlGF hushuka, mara nyingi kabla tansiyo haijapanda. Labo hugawanya sFlt-1 kwa PlGF, na huo ndio uwiano.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuata wanawake wajawazito ambao madaktari walikuwa tayari wanashuku kwamba wana priekilampsia. Kati ya waliokuwa na uwiano wa 38 au chini yake, 99.3% hawakupata priekilampsia ndani ya wiki moja. Waliozidi 38, ni 37 hivi kati ya 100 walioipata ndani ya wiki nne. Wengi wao, basi, hawakuipata katika muda huo! Kipimo hiki kina nguvu ya kuondoa shaka kwa siku chache, lakini hakina nguvu hiyo hiyo ya kuthibitisha ugonjwa. Na hakikukusudiwa kila mjamzito. Uchunguzi wa wiki ya 11 hadi 14, unaoweza kumfanya daktari aandike aspirini, ni kitu kingine: hutumia PlGF, si uwiano, pamoja na historia ya mama, tansiyo na ekografia (picha ya mimba).

Ninachohofia zaidi ni uwiano mdogo, kwa sababu mama hutulia na kuacha CPN (kliniki ya wajawazito). Uwiano huo unazungumzia wiki hii tu. Kichwa kikimuuma sana au macho yakiona ukungu, aende hospitali bila kungoja. Na shemeji aliyepata 52 tumwambie hivi: hatari imepanda, tansiyo na mkojo vipimwe mara kwa mara, lakini hakuna aliyekwambia kwamba unaumwa.