Siku Bwawa la Maji Taka Lilipogeuka Waridi

Mgeni akifika mabwawa ya maji taka ya Dandora, ninakofanya kazi, kwanza huuliza kuhusu harufu, kisha kuhusu ndege, maana bata maji hujaa humu, na heroe huonekana pia. Mabwawa yenyewe yako Ruai, mashariki mwa Nairobi. Maji yakitoka hapa huingia Mto Nairobi, unaoungana na Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njia nzima hiyo ina watu, mifugo na samaki.

Uchafu unaoonekana si kazi kubwa. Chujio la vyuma hunasa pampasi, matambara na nailoni mlangoni, na mchanga hutuama. Shida ni ule ulioyeyuka: kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta. Kwa bakteria hiyo ni karamu, na wakila hupumua. Maji ya mto kwenye mwinuko wa Nairobi hushika oksijeni ya miligramu 7 hivi kwa lita. Maji taka mabichi yenye BOD ya 400, yaani yanayodai miligramu 400 za oksijeni kwa kila lita, yanaweza kumaliza pumzi ya zaidi ya lita 50 za maji safi. Ni lita moja tu hiyo! Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD cha 30 kwa maji yanayoachiwa mtoni. Basi sisi tunawaacha bakteria wale na kushiba hapa, kabla maji hayajaufikia mto.

Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina oksijeni. Tope hutuama humo na kuoza. La pili ni pana, kina chake mita moja na nusu hivi, na hapo ndipo ninapopenda kusimama. Mwani, yaani vijimea vidogo vya kijani vya majini, hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria huivuta wakila uchafu, nao huurudishia mwani hewa ya ukaa. Hakuna mashine ya kupuliza hewa wala bili yake ya stima. Nikitumbukiza kipimo alfajiri, oksijeni huwa karibu na sufuri; saa nane mchana imejaa kupita kiasi na pH, kipimo cha asidi na besi, imezidi 9. Katika mabwawa ya mwisho, jua na pH hiyo huua vijidudu vya kuhara. Mayai ya minyoo, kwa uzito wake, huwa yamekwisha kuzama.

Kwa hiyo rangi ya bwawa kwangu ni habari. Kijani kilichokoza ni afya. Nilipoanza kazi, katika mji mwingine, mdogo, nilifika asubuhi moja nikakuta bwawa la pili limekuwa waridi, kama maji yaliyooshewa nyama. Mlinzi alidhani ni damu. Kumbe ni bakteria wa salfa, ambao hutamalaki oksijeni inapokwisha. Kuna mtu alikuwa akimwaga taka za kichinjio usiku kwenye shimo la bomba. Tulipunguza maji yanayoingia, tukapampu maji ya kijani kutoka bwawa la mwisho ili mwani upate pa kuanzia, tukasubiri wiki tatu. Wiki zote hizo maji yaliyotoka yalinuka mayai viza, na akina mama waliozoea kufua pale chini walilazimika kuhamia upande wa juu wa mto. Bado inaniuma.

Siku hizi kinachonikosesha usingizi ni maji yasiyotufikia kabisa. Vifuniko vya mashimo huibwa vikauzwe kama vyuma chakavu. Kwingine, kama Maili Saba, mashariki mwa Nairobi, wakulima wameziba bomba ili wamwagilie sukuma wiki. Shida yao ya maji naielewa, lakini yale ni mabichi, yana minyoo, na ziada hushukia mtoni vivyo hivyo. Ukiona maji meusi yakifurika mtaani kwenu, toa ripoti siku hiyo hiyo. Na mvua zikianza, usielekeze maji ya paa kwenye bomba la maji taka: husukuma kila kitu mabwawani kwa kasi, kikatoka upande wa pili kabla mwani haujafanya kazi yake.