Donge la udongo ndani ya glasi: athari za kilimo cha kawaida na kilimo rejeshi

Chukua madonge mawili ya udongo mkavu, kila moja na ukubwa wa yai. Moja litoke katikati ya shamba linalopigwa plau kila msimu na kuachwa wazi baada ya mavuno. Jingine litoke ukingoni mwa shamba hilohilo, penye nyasi ambazo hazijaguswa miaka mingi. Liweke kila moja juu ya kipande cha wavu, kisha lizamishe taratibu kwenye glasi ya maji. La shambani hutoa mapovu, humeguka, na baada ya dakika chache maji yamekuwa tope. La ukingoni mara nyingi hukaa palepale, na maji hubaki meupe.

Asili ya udongo huo ni moja. Kilichopotea shambani ni gundi, yaani nyuzi za kuvu, ute wa bakteria na mizizi midogo inayoshika chembe pamoja. Plau ikipindua ardhi hukata nyuzi hizo na kuingiza hewa nyingi, vijidudu vikapata karamu na kuila mboji haraka kuliko inavyorudishwa. Sehemu kubwa ya kaboni iliyokuwamo hupaa kuwa hewa ukaa. Mvua ikinyesha, chembe laini huziba vitundu vya juu, maji yakakosa pa kuingia, yakateremka na udongo. Sentimita moja ya udongo wa juu huweza kuchukua mamia ya miaka kujijenga.

Mfano mkubwa ni nyanda za kati za Marekani katika miaka ya 1930. Nyasi za asili zilikuwa zimeng'olewa ili kupanda ngano, ukame ukaja, na upepo ukauzoa udongo mkavu uliokosa wa kuushika. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo.

Upande wa mbolea za viwandani, nitakuwa mkweli: bila naitrojeni ya kiwandani, kirutubisho kikuu cha mbolea hizo, ambayo uzalishaji wake mkubwa ulianza Ujerumani mwaka 1913, watu wengi wasingekuwa na chakula. Siungi mkono wanaoiita sumu. Tatizo ni kiasi kinachopotea. Kwa wastani wa dunia, mazao hutumia takriban nusu tu ya naitrojeni inayowekwa shambani. Inayobaki hugeuka nitrati, aina ya naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, na kupenya hadi kwenye visima, au husombwa hadi mitoni, na nyingine hupaa ikiwa naitrasi oksaidi, gesijoto ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto mara 273 ya kilo ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 100. Mbolea inayofika baharini hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni ya majini huisha, samaki wakahama au kufa. Kwenye Ghuba ya Meksiko, mahali mto Mississippi unapomwaga maji yake, eneo la namna hiyo hujitokeza kila kiangazi. Mwaka 2017 lilifikia kilomita za mraba zipatazo 22,700.

Sasa, kilimo rejeshi ni kipi? Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika duniani kote, na ndiyo maana kampuni yoyote inaweza kulibandika jina hilo kwenye mfuko wa unga. Wataalamu wengi hukubaliana juu ya mambo haya: kutifua ardhi kidogo iwezekanavyo, kutoiacha uchi, kuweka mizizi hai muda mrefu wa mwaka, kubadilisha na kuchanganya mazao, na kurudisha samadi au mboji. Ardhi iliyofunikwa kwa mabua haipigwi na matone ya mvua moja kwa moja, kwa hiyo mmomonyoko hupungua sana. Faida hiyo haina ubishi. Mikunde nayo huvuta naitrojeni kutoka hewani, na hivyo mfuko wa mbolea unaohitajika hupungua.

Penye ubishi ni kaboni. Utasikia kwamba mashamba yakiacha kulimwa, yaani yakipandwa bila kutifuliwa, yataufuta uchafuzi wa magari na viwanda. Hapana. Ukipima udongo wa juu tu, shamba lisilolimwa huonekana limeongeza kaboni nyingi. Ukichimba hadi mita moja, tofauti hupungua, wakati mwingine hutoweka, maana kaboni imesogea juu kuliko ilivyoongezeka. Zaidi ya hapo, udongo hushiba: baada ya miongo michache ongezeko hufifia, na plau ikirudi, sehemu ya akiba hiyo hupaa tena.

Kuna jingine linalopitwa kimyakimya. Mashamba mengi makubwa yasiyolimwa hutegemea dawa za kuua magugu, kwa sababu kazi iliyofanywa na plau lazima ifanywe na kitu kingine. Na shamba likiacha kulimwa bila kuwekewa matandazo wala kubadilishiwa mazao, mavuno hushuka mara kwa mara. Mavuno yakishuka hapa, msitu huweza kufyekwa kwingine kufidia pengo, na hasara hiyo haionekani kwenye glasi yetu.

Kwa hiyo mkulima akiniuliza aanzie wapi, siulizi jina la mfumo. Naomba koleo. Tunachimba kina cha sentimita 30, tunatazama kama mizizi imeshuka wima au imepinda pembeni kwa kugonga tabaka gumu, tunahesabu nyungunyungu. Penye tabaka gumu, kuacha kulima ghafla ni kujitafutia hasara. Livunjwe kwanza, mara moja tu, kisha ardhi ifunikwe. Anza na kipande kidogo, ukiacha kingine kama kilivyo ili ulinganishe. Na penye mvua haba, mazao ya kufunika ardhi yakatwe mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda, la sivyo yatakunywa maji ambayo mbegu ingeyahitaji.